Kabini ya Chini, Ngazi Mbili

Rwamgasa, Jumatatu, mwezi wa saba, 1977

Jua kali tangu asubuhi, na vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi. Nimerudi juzi. Mgongo unauma kwa lori, lakini mwenyewe siwezi hata kutulia. Nimeanza kufua mara mbili nikaacha. Acha niandike kwanza.

Mama anaona!

Jicho la kulia tu. La kushoto bado. Lakini anaona.

Nianzie mbali kidogo, maana mwakani nitakuwa nimesahau nusu. Mama alipasuliwa mtoto wa jicho kule Mwanza. Wakamfunga macho yote mawili, hata lile ambalo halikuguswa, ili yatulie. Daktari akanipa masharti: asiiname, asibebe kitu, asipande lori, asikae kwenye vumbi. Halafu akanitazama sana akasema, na kuliko yote, asitapike. Akitapika kwa nguvu nyuzi zinaweza kukatika, na jicho likapotea.

Kurudi kwetu Rwamgasa bila lori wala vumbi! Ilibidi nimpeleke Bukoba kwa pacha wangu Kulwa, aliyeolewa huko, akae mpaka nyuzi zitolewe. Maana yake meli. Na kila niliyemuuliza habari za meli alianza kunisimulia alivyotapika.

Sikulala vizuri siku zile. Nilikuwa naona jicho la mama liko mikononi mwangu kama yai.

Karani wa tiketi alikuwa na ubao ukutani, umechorwa vyumba vyote. Akanyoosha kidole juu kabisa, mbele kabisa.

"Hii kabini ndiyo ya wakubwa, dada. Ina dirisha, unaliona ziwa lote."

"Mgonjwa wangu amefungwa macho, kaka. Dirisha la nini?"

Foleni nzima ikacheka. Karani akanuna. Mimi nikatoka bila tiketi, maana sikujua nichague nini badala yake.

Nje ya bandari kuna mama anauza chai. Nikakaa karibu na mzee mmoja, kumbe ni mpishi wa meli ileile. Sijasoma sana, la tano tu, lakini kuuliza sikufundishwa na mtu. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza: humo ndani, sufuria zako zinatuliaje ziwa likichafuka?

"Marahaba, binti. Jikoni kwangu ni chini, katikati. Uji haumwagiki. Uji huohuo nikiupeleka juu mbele kwa nahodha, unafika nusu kikombe. Nusu nyingine ninayo kwenye shati."

Nikaruka kwenye benchi. Lori! Meli ni lori tu! Ukikaa nyuma kabisa, kila shimo linakurusha. Ukipanda juu ya marobota ya pamba, unayumba mpaka unashika mbingu. Lakini ukikaa sakafuni, kati ya tairi za mbele na za nyuma, unaweza hata kusinzia. Miaka yote nimepanda malori haya na sikuwahi kuwaza kwamba nilikuwa nasoma.

Mzee akanionya: usisogee sana kwenye injini, harufu ya dizeli peke yake inatapisha hata meli ikiwa imefungwa. Akaniingiza ndani ninuse mwenyewe. Nikanusa mlango kwa mlango kama mbwa, na mabaharia wakanicheka wee. Nikapata kabini moja ya daraja la pili, deki ya chini, katikati, inanukia sabuni tu. Nikalala kitandani kujaribu. Hii hapa!

Nikakimbia hospitali kumwambia mama. Nilimkuta amekaa kitandani, bandeji imemzunguka kichwa.

"Chini?" akasema. "Mimi chini siendi, Doto. Nyumbani kwetu alikwenda chini mmoja, inatosha."

Baba alifia kwenye duara, shimo la dhahabu hukuhuku kwetu. Udongo uliporomoka mdomoni mwa shimo, akabaki ndani. Mimi na Kulwa tulikuwa na miaka sita. Nilikuwa nimepiga hesabu ya mawimbi, ya harufu, ya tairi, na hilo sikuliwaza hata kidogo.

Sasa niseme ukweli, maana hapa simwogopi mtu. Niliwaza kumdanganya. Mama haoni. Nitamshika mkono, nitamshusha ngazi, nitamwambia tumefika juu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kabisa.

Yeye akaniwahi.

"Ng'wanone, mwanangu, huko chini kuna njia ngapi za kutokea?"

Sikujua! Nimenusa kila mlango, na njia za kutokea sikuhesabu. Nikatoka mbio mpaka bandarini. Mpishi akaniona akasema, "Huyu tena?" Nikashuka, nikapanda, nikashuka. Ngazi mbili. Moja mbele ya kabini, nyingine nyuma, na zote mbili zinatokea hewani. Kabini ileile ya juu ya wakubwa ina moja tu.

Nilimweleza mama huku nahema.

"Baba yenu hakuuawa na kina," akasema. "Aliuawa na mlango mmoja. Kakate tiketi."

Ziwa lilichafuka njia nzima. Mama alilala chali, kichwa kimetulia kwenye mto, akakoroma. Mimi nikajitia ujuzi, nikapanda deki ya juu mbele kuhakikisha kama mpishi alisema kweli. Alisema kweli. Nilitapika mpaka chai ya juzi.

Niliporudi, mama akaamka kwa harufu. "Mgonjwa ni nani hapa?" akauliza. Baharia mmoja aliyekuwa akipita alicheka mpaka akashika ukuta.

Nyuzi zilitolewa Bukoba. Bandeji ilipofunguliwa mama alikodoa, akafumba, akakodoa tena. Akamtazama Kulwa, akanitazama mimi, miaka mitatu hajatutofautisha ila kwa sauti. Akasema, "Doto ndiye huyu aliyekonda. Hakai mahali pamoja akala." Kulwa akalia. Mimi nikatoka nje, nikazunguka nyumba mara mbili, ndipo nikalia.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari, na yule mzee wa uji, ambaye hata jina sikumuuliza, aibu yangu. Namshukuru karani pia, kwa kununa. Asingenuna pengine ningelipa na kwenda.

Lakini kinachonikaa rohoni ni kile kinywa changu kilichokwisha kufunguka. Nilikuwa sahihi kuhusu mawimbi, na bado ningempeleka mama yangu gizani kwa uongo, akae usiku kucha akisikia maji ubavuni asijue yuko wapi. Angeogopa kiasi gani? Hofu nayo si ingemtapisha?

La kushoto litapasuliwa mwakani. Safari hiyo nitaanza kuuliza kwa mama. Karani atafuata.