Asitafutwe Mtu

Izia, Sumbawanga
12 Juni

Kwa mama yangu mpendwa Dominika,

Shikamoo mama. Naamini hapo Mpui baridi haijakuzidi na ulezi umeshaingia ndani. Miguu inaendeleaje? Wajukuu zako wazima, na mama yao Kalista anakusalimu sana. Mimi nipo, ila nikisema mzima nitakuwa nakudanganya.

Juzi nilibeba gunia la mahindi, nikaishiwa pumzi mlangoni. Nikadhani sukari imeshuka, si unamjua mwanao na sindano zake tangu shule ya msingi. Kalista akanipa chai yenye sukari tele, wapi. Akanikokota hospitali.

Daktari ni binti mdogo lakini hana mzaha. Alinipima damu na moyo, kisha akauliza baba alikufaje. Nikamjibu kama tulivyozoea, kwamba alirogwa na baba mdogo Cleophas kwa ajili ya shamba la bondeni. Hakunicheka. Akauliza tu alikuwa anafanya nini. Nikasema alikuwa analima matuta, akashika kifua, akakaa chini, basi. Akauliza na babu. Mama, babu naye alishika kifua.

Akasema inaelekea ukoo wetu tunarithishana mafuta mengi kwenye damu, hata mtu awe mwembamba kama mimi, nayo huziba mishipa ya moyo. Yakimkuta mwenye kisukari kama changu, yanamuwahi mapema. Kumbe baba mdogo tulimfukuza bure. Anazeekea Kipili bila ndugu, na damu ni hiyohiyo. Nimemtumia ujumbe akapimwe. Hajajibu, na simlaumu.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike, maana kwa simu ungelia nami ningeshindwa kuendelea. Moyo wangu ulishapata shambulio zamani bila mimi kusikia chochote. Kisukari huficha maumivu. Sehemu yake imekufa. Dawa nameza, ila nilipouliza habari za mbele daktari alitazama chini. Nimekata tamaa, mama, sitakuficha.

Ninachoogopa zaidi ni matanga yangu. Watatafuta mtu wa kusema ameniroga, na wa karibu ni Kalista, binti wa Ngeleja mfugaji, asiye wa kwetu. Tayari wanamsema pembeni kwamba ndiye anayenidunga sindano. Usikubali. Wewe ndiye utakayesikilizwa, kama walivyokusikiliza ulipomtaja baba mdogo.

Nisalimie shangazi Edith na wote wa hapo. Watoto wapelekwe wakapimwe. Na siku hiyo, mama, simama mbele ya watu useme ni moyo.

Ni mimi mwanao,
Adolfu