Gugu Lililokuwa Likirudi Bwawani Kaisho

Mpendwa Tata, baba yangu,

Tangu tukuzike mengi yamebadilika hapa Kaisho, lakini leo nakuandikia habari za bwawa. Unakumbuka tulipokuwa tukinywesha ng'ombe, ukanionyesha korongo wenye taji wakitembea kwenye mafunjo? "Usiwatupie mawe," uliniambia. "Hao ndio wenye bwawa."

Korongo wamehama. Gugu maji lilifunika maji yote, perege wakaelea wamekufa, ng'ombe wakakataa kunywa. Kijiji kizima tuliingia matopeni, tukaling'oa, tukalianika, tukalichoma. Likarudi. Tukang'oa tena. Likarudi.

Gugu halina miguu, Tata. Nilianza kumshuku jirani yetu, Mzee Kagaruki. Hakuja kung'oa hata mara moja, na unajua anavyoutamani ukingo wa bwawa kwa migomba yake; bwawa likifa, ataulima. Nikawa namvizia. Asubuhi moja nikamkuta amejibanza kwenye mafunjo.

"Shikamoo. Unapanda nini humo?"

"Marahaba. Sipandi kitu. Na mimi nawavizia ninyi," alijibu bila kunitazama. "Kamuulize mama yako huwa anasuuza nini hapa."

Sikumwamini. Hata hivyo, nilipofika nyumbani nilizunguka nyuma ya jiko. Kulikuwa na beseni limefunikwa kwa majani ya mgomba. Nikafunua. Gugu maji, limechanua maua ya zambarau.

Mama hakukana. Alisema wewe ndiye uliyemletea, ulipotoka mto Kagera, muda mfupi kabla hujaanza kuugua. "Baba yako alinipa maua mara moja tu maishani," alisema. Kila alipobadilisha maji alisuuza beseni bwawani, na vichipukizi vikabaki humo. Hakudhani vidogo vile vingeweza kuziba bwawa zima.

Nikamwambia lazima tulichome.

"Sawa. Lakini wewe usiliguse."

Alilianika mwenyewe, akalichoma mwenyewe, akakaa pale mpaka majivu yakapoa.

Bwawa limeanza kufunguka katikati. Lakini mimi sijatulia, Tata. Kila Mama anaposhika njia ya majini, macho yangu yanamfuata, na najichukia. Jana alinigundua. Alisimama, akapindua ndoo yake mbele yangu nione haina kitu, kisha akaenda zake.

Lala salama, Tata. Ungekuwepo, ungejua la kumwambia.

Ni mimi, binti yako wa kwanza