Mashine Imesema Nimekufa

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umepunguza maumivu, na yule ng'ombe mwekundu ameacha kuvunja ua na kuingia kwenye mahindi ya jirani. Mimi huku Nairobi ni mzima. Naomba neno hilo ulisome mara mbili, kwa sababu habari niliyonayo ni kwamba nimekufa.

Tulia, usipige yowe. Nitakueleza.

Unajua nilipata kazi ya kuandika maelekezo. Siku hizi kuna mawakala wa akili mnemba. Si kama wakala wa kutoa pesa pale Nyamongo. Huyu hana kibanda wala kiti, ni programu tu ya kompyuta ambayo mtu anaituma imfanyie shughuli zake. Kabla hajagusa akaunti ya mtu, lazima ajue mwenye akaunti ni nani na kama yupo kweli. Ofisi yetu imetengeneza chombo cha kuhakiki hayo, na mimi ndiye ninayeandika mwongozo ambao wakala anaufuata akikitumia. Bado niko kwenye majaribio. Mwongozo ukipita, naajiriwa. Usipopita, narudi kupambana na huyo ng'ombe.

Bosi wangu, dada mmoja anaitwa Wairimu, aliniambia nisiandike kitu ambacho sijakijaribu mwenyewe. Basi nikajihakiki. Chombo kikaomba namba ya ndugu anayenifahamu, nikaweka ya Baba. Wakala akamtumia ujumbe: "Je, unamfahamu Mwita Chacha? Yuko hai?"

Sasa Mama, Baba angejibu nini? Ukimwulizia Mwita Chacha pale Kerende, mtu anaanza na mwenye jina, siyo na mjukuu aliyerithishwa jina hilo. Baba akajibu kwa heshima zote: "Namfahamu sana. Ni baba yangu. Alishafariki, tulimzika hapa karibu na zizi."

Wakala akafunga akaunti yangu palepale, kisha akanitumia pole kwa msiba wangu mwenyewe. Asubuhi hata mlango wa ofisi ulikataa kadi yangu. Wairimu akanikuta nimesimama nje.

"Mwita, system inasema umekufa. Sasa nitaongea aje na mtu amekufa?"

"Aliyekufa ni babu," nikamwambia. "Mimi ni Mwita Chacha, mtoto wa Chacha Mwita, na baba yake yeye ni Mwita Chacha."

"Huyo ni mtu mmoja umemzungusha."

"Ni watu watatu, bosi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka, maana mwongozo wangu wote ulikuwa ndani ya akaunti ya marehemu.

Nikampigia Baba anisaidie, kwa namba yangu mpya ya Kenya, hakupokea, nikamtumia ujumbe: "Ni Mwita Chacha, pokea." Mjomba, anayekuja huku na kurudi kwa biashara zake, akanieleza kwamba Baba amezima simu. Anasema kuna matapeli wanamwulizia mzee aliyekwisha kufa, bila shaka wanataka shamba, na sasa wameanza hata kupiga kwa jina lake. Nasikia na wewe amekukataza kupokea namba yoyote ya Kenya. Ndiyo maana naandika kwa mkono, na mjomba atavuka mpaka na barua hii pale Sirari.

Wairimu alipomaliza kucheka aliniuliza, "Kwani nyinyi huko hujuana aje?"

Nikamwambia sisi tunauliza ni wa nyumba ya nani, yaani mama aliyemzaa. Mwita wa Gati ni babu. Mwita wa Bhoke ni mimi.

"Andika hiyo," akasema, akanisogezea kompyuta yake.

Nikaandika kwamba watu wawili wakiwa na jina moja, wakala aulize mama. Nikaongeza kwamba akiongea na mtu mzima aanze na shikamoo, maana nakujua, bila salamu usingemjibu. Jina lako ndilo mfano wa kwanza kwenye mwongozo. Nilipoliona pale nilikukumbuka sana.

Wairimu amekubali tujaribu mara moja tena, na hakuna nyingine baada ya hiyo. Mjomba akishakukabidhi barua, atanijulisha, na wakala atakupigia. Pokea, hata kama Baba atanuna. Atakuamkia, kisha atauliza kama Mwita wa Bhoke yuko hai. Tafadhali usimwulize yeye ni wa ukoo gani, na habari za babu ziache kabisa. Sema yuko hai, basi.

Msalimie Baba, mwambie alisema kweli tupu, ila awashe simu. Mdogo wangu Robi, aliyesimuliwa na mjomba, aache kuniandikia "pumzika kwa amani", sioni cha kuchekesha. Na bibi mpe pole ya msiba wa babu kutoka kwa mashine. Imechelewa miaka mingi, lakini imeandikwa vizuri, na mimi nadhani ni ya kwake.

Ni mimi mwanao, niko hai,

Mwita wa Bhoke