Mama, Leo Nimemwita Bosi Jina Lake

Mama, Mama Saidi wetu,

Leo nimefanya jambo ambalo ungekuwepo ungenivuta sikio mpaka liwake moto. Nimemwita mtu wa rika lako jina lake kavu, mchana kweupe, mbele ya watu. Na badala ya kunikaripia, wamenipongeza. Ndiyo maana nakuandikia huku najua barua haikufikii. Kichwa changu kimevurugika, na wewe ndiye niliyezoea kukuuliza.

Unakumbuka nilipokwambia kwenye simu kwamba nimepata kazi ya kutunza wazee, Northfield, huku Birmingham? Ulicheka. "Yaani umevuka bahari kwenda kuwaogesha bibi na babu za watu?" Nikakwambia ndiyo, na kazi naipenda. Bado nipo hapohapo, Mama. Niliingia msaidizi na msaidizi nimebaki, huku wasichana niliowafundisha mimi kumgeuza mgonjwa kitandani wakiwa viongozi wa zamu. Mwaka huu nafasi ikatoka tena. Niliitaka, sifichi. Niliitaka mpaka nikawa naiota.

Mwenye kauli juu ya nafasi hiyo ni Linda, meneja wetu. Nywele zake nyeupe pe, wajukuu anao, mgongo unamsumbua kama ulivyokuwa ukikusumbua wewe. Na kila mtu, hata kijana anayepiga deki, anamwita Linda. Linda hivi, Linda vile! Mimi mdomo ulikataa. "Madam" alinikataza, akasema anajiona yuko mahakamani. Siku moja "Mama" ikaniponyoka, akageuka kuangalia nyuma yake ni nani ninayemwita. Basi nikaacha, nikawa simwiti chochote. Nikimhitaji nasogea karibu, nakohoa. Miaka yote hiyo nakohoa, mpaka siku moja akaniwekea dawa ya kikohozi mezani, jamani.

Wiki iliyopita, kabla ya usaili, akaniita ofisini. Nikasimama macho chini, mikono nyuma, kama ulivyonilea. Akaniuliza, "Nimekukosea nini? Hujawahi kutaja jina langu hata siku moja. Nikisema na wewe unaangalia sakafu. Nitakukabidhije zamu, na mimi mwenyewe huwezi kuniita?" Kumbe muda wote huo alidhani namchukia! Mimi, mwanao, nimeonekana sina adabu kwa sababu ya adabu. Nikakohoa, nikatoka.

Kwenye chumba cha chai nikamkuta Wanjiku, mwenzangu kutoka Nakuru. Nilipomsimulia, akanicheka. "Si umwite tu Linda! Kwani jina litakuchoma ulimi? Utapoteza promotion juu ya heshima?" Kwake rahisi kusema. Hakulelewa na wewe.

Nilikuwa mdogo siku ile nilipompayukia jirani yetu jina lake, kwa kuwa nimewasikia wakubwa wenzake wakimwita hivyo. Ulinishika sikio mpaka mlangoni kwake nikaombe radhi. "Mtu mzima ana jina la kuitwa na jina la kutunziwa," ukaniambia njiani. Hata kazini ulikuwa hivyohivyo. Ulipokuwa mpishi wa shule, mwalimu mkuu alikuwa mdogo kuliko kaka Saidi, lakini ulimwita Baba, ukampokea kwa mikono miwili. Naye akawa haamui jambo la jikoni bila kukuuliza, mwisho akakupa jiko zima ulisimamie. "Heshima si utumwa," uliniambia ukinifungia begi la safari. "Itakufikisha pale cheti kisipofika." Niliamini. Mbona huku imenirudisha nyuma? Ulikosea wewe, au ni mimi niliyeibeba vibaya? Nimelizungusha swali hili kwenye basi la kazini, kutoka Balsall Heath ninakokaa, kwenda na kurudi.

Halafu jana nikamkumbuka Bi Mwanaisha, rafiki yako wa utotoni, alivyokuja kututembelea kutoka Pangani. Hakupiga hodi. Alisimama uani akaita jina lako, lile la kuzaliwa, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Mimi nikashika mdomo, nangoja umtimue. Loh! Wewe ukatupa mwiko, ukatoka mbio na kanga moja, unacheka kama msichana. Sijawahi kukuona ukikimbia hivyo kwa kuitwa Mama Saidi.

Leo asubuhi kwenye usaili Linda alikaa na wenzake wawili. Nikamwamkia moyoni kwanza, shikamoo, ili nisiwe nimevunja kila kitu. Kisha nikainua macho. "Linda," nikasema, "kwetu jina la mtu mzima tunalitunza. Lako nimelitunza muda wote huu. Sikuchukii." Akavua miwani. Uso wake, Mama, ukawa uleule wako wa siku ile uani. Akasema, "Hebu lirudie." Nikalirudia. Maswali mengine hata siyakumbuki. Mchana nikaitwa, nikaambiwa Jumatatu naanza, kiongozi wa zamu.

Wanjiku alipiga vigelegele mpaka wazee waliojipumzisha wakaamka. Mimi nafurahi, halafu naona aibu, halafu nafurahi tena. Sijui nimepanda cheo au nimeshusha malezi yako. Kila nikisema Linda najisikia kama nimeingia msikitini na viatu. Na bado namwona anavyogeuka kwa haraka nikimwita, anatabasamu, na siwezi kusema nimemkosea. Ungekuwepo ungeniambia. Au labda na wewe usingejua.

Nilipofika nyumbani nikataka nijaribu na lako. Bi Mwanaisha naye alikufuata mwaka jana, kwa hiyo hakuna tena aliye hai anayekuita lile jina. Nikasimama jikoni peke yangu, maji ya chai yanachemka, nikawaza, leo Mama atatoka mbio. Nikafungua mdomo.

Nimekohoa tu, Mama.

Nipokee hivyohivyo,

Kitinda mimba wako