Kumchagulia Wangila Hedifoni

Jumamosi, 7 Juni 2025
Hedifoni ya Wangila imekufa! Anasema upande wa kushoto hautoi sauti hata kidogo. Leo alasiri alikuwa anacheza ile gemu ya bunduki na ndugu yake Marvin, yule wa Qatar. Amepigwa risasi mara tisa, zote kutoka kushoto. Marvin alimcheka mpaka nikamsikia kwa hedifoni nikiwa jikoni — eti unatembea kama mtu anaenda kuposa!
Si mchezo tu, najua. Miaka minne Marvin hajarudi. Kupigiana simu hawawezi, wanaume hawa. Lakini Jumamosi wakishavaa hedifoni wanaongea masaa matatu — mama yao huko Webuye, mahindi, nani amezaa — huku wakipiga watu risasi. Ndiyo maana sijawahi kulalamika. Sawa, nimewahi. Mara moja.

Jumatatu, 9 Juni
Wangila ametoka kazini posho mill na unga mpaka kwa nyusi. Hata hajaoga, ananionyesha simu. Hedifoni mbili, zote za waya. Zisizo na waya hataki — sauti inachelewa, ukisikia mlio ushakufa.
Ya kwanza nyeusi, ina taa nyekundu. Besi nzito. Ukivaa unajua adui anatoka upande gani, hata hatua zake unazihesabu. Ya pili kijivu. Nyepesi, maiki yake inakunjwa, waya umefumwa na uzi kama kamba ya kiatu. Ananihubiria kama pasta.
Marvin anasema nyeusi. Mimi kijivu — yenye maiki nzuri, ili asipige kelele.
"Wewe unafikiria majirani tu," ananiambia.
"Nafikiria mimi."
Akanibusu. Unga wote kwa shavu langu.

Jumatano, 11 Juni
Mvua, stima hakuna. Bwana wangu amemaliza bando yangu yote akiangalia video za watu wakilinganisha hedifoni. Bando YANGU. Nampenda, lakini!

Jumamosi, 14 Juni
Sijui nianzie wapi.
Tumeenda kwa Waceke, yule dada wa duka la vitu vya kompyuta, kwa sababu anaruhusu mtu ajaribu kwanza. Wangila akavaa nyeusi. Akafunga macho, akatingisha kichwa na besi. Halafu akasimama tuli. "Hii ya kushoto haifanyi." Waceke akampa kijivu. Hivyo hivyo. Akafungua boksi ingine mpya, karatasi yake bado haijatolewa. Hivyo hivyo!
Waceke akavaa mwenyewe. Ziko sawa, akasema. Nikavaa mimi. Sauti huku na huku, tamu kabisa, hatua za mtu zikanipita kutoka sikio hadi sikio.
Nikamwambia Wangila zigeuze, ya kulia uweke kushoto. Akageuza. Ile aliyosema imekufa ikafufuka. Ile nzima ikafa.
Waceke akainamisha kichwa, akaanza kukunja waya polepole. Wangila alikuwa amezishika zote mbili, moja kila mkono, kama mtu anapima viazi.
"Twende nyumbani," akasema.
Waceke akatufuata mpaka mlangoni. Eti zitakuwa hapa tu, tusijali.
Nyumbani nimejaribu ile ya zamani. Nzima.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya kanisa nikamuuliza binti yetu Mercy pole pole kama amewahi kuona Baba hasikii. Akaniangalia kama mimi ndiye mwenye miaka sita na yeye thelathini.
"Unaongea kwa hii," akashika sikio lake la kulia. "Hiyo ingine imelala."
Mtoto anajua! Ndiyo maana akitaka kumnong'oneza kitu huwa anazunguka kiti kizima. Mimi nilidhani ni mchezo.
Wangila amekubali. Ni kama mwaka sasa. Alidhani ni mafua, halafu akadhani itapita, halafu akaogopa, akaomba iwe ni hedifoni tu. Miaka minane amesimama hapo kwa mashine, injini iko kushoto kwake. Bosi akijua atasema nini? Kwa hivyo amekuwa akigeuza shingo na kucheka wengine wakicheka.
Nikakumbuka Pasaka. Alikuwa amelala kwa kochi, sikio la kulia kwa mto. Nilimwambia nataka tupate mtoto wa pili. Akanyamaza. Nikaenda kuosha vyombo nikilia. Miezi miwili nimebeba huo ukimya kama jiwe, nimempikia nao, nimelala nao. Na hakusikia! Hakusikia hata neno!
Nikazunguka kiti kama Mercy. Nikamwambia tena, kulia.
"Rudia," akasema.
"Hujasikia?"
"Nimesikia. Rudia tu."

Jumatatu, 16 Juni
Kliniki. Wamemtoa nta na unga, wacha tu. Daktari akasema ungetosha chapati moja. Tumecheka sana — nikadhani imeisha. Nikamnong'oneza kushoto. Akaendelea kufunga kamba za viatu.
Apimwe vizuri Alhamisi, hospitali kubwa.

Jumatano, 18 Juni
Marvin amepiga simu! Ya kawaida! Anataka kujua nyeusi ama kijivu. Wangila akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Mwishowe akamwambia ukweli. Nilikuwa naanika nguo, simu iko kwa spika. Marvin akasema basi, kutoka leo mimi ndio nitatembea kushoto kwako. Ununue yoyote tu.
Wangila akasema sawa. Akakaa kwa ngazi dakika nyingi. Nilimletea chai, nikakaa upande wa kulia.

Alhamisi, 19 Juni
Naandika kwa benchi, hospitali. Wamemweka kwa kachumba kadogo ka kioo, amevaa hedifoni kubwa kuliko zote za Waceke. Dada anayepima amemwambia akisikia mlio, hata kidogo namna gani, ainue mkono.
Wameanza na kulia. Mkono juu, juu, juu. Kama mwanafunzi anayejua majibu yote. Dada ameandika nukta zake vizuri kwa karatasi.
Sasa kushoto.
Mkono uko kwa goti. Dada anazungusha kidude. Bado. Anazungusha tena. Mimi hapa nje sisikii kitu, hata sijui kama mlio umeanza. Naomba bila maneno.
Wangila ameniona. Ananitazama kupitia kioo, anaona nilivyoshika hii kalamu. Anatabasamu — lile tabasamu la kuniambia tulia.
Dada anazungusha.
Mkono umeinuka! Kidogo, nusu. Bado ananitazama mimi. Sijui kama amesikia, ama ameona nataka asikie —