Nimefagia Theluji, Beleshi Usilitafute

Chacha mwanangu,

Mimi na mkeo Doris tumekwenda kanisani. Uji upo kwenye chupa, ukiamka unywe kwanza. Beleshi nimelificha. Daktari alisema mshono wako haujapona, usinyanyue kitu kizito, na mimi sikuja huku Marekani, Minnesota, kukuuguza mara ya pili.

Njia ya gari nimeifagia kwa fagio, kama ninavyofagia uwanja nyumbani kabla mtu hajakanyaga. Jana ulinicheka, "Mama, theluji haifagiwi!" Haya, njoo uone. Ilikuwa nyepesi kuliko unga, nikiigusa inapaa. Nilisimama katikati nikasema, Mungu wangu, hii yote imeshuka usiku na hakuna aliyesikia hata mchakacho! Fagio lilishindwa pale tu ulipopitisha gari alfajiri ukitoka kazini. Magurudumu yameigandamiza imekuwa kama sementi. Paache, Doris atamwaga chumvi ya kuyeyusha barafu akirudi. Siyo ile yangu ya mboga!

Kesho usiingize gari kabla sijafagia.

~~Usitoke nje kabisa.~~ Toka utazame, maana ni ajabu, ila vaa kofia. Chini ya dirisha lako sikufagia, nilishindwa kupaharibu. Sungura alipita hapo sisi tumelala, na nyayo zake zote zipo mpaka kwenye uzio. Kwa hiyo na wewe ukienda kwa jirani kuazima beleshi, theluji itaniambia kabla sijavua viatu.

Mama yako