Uliyemsoma Mwisho

Wenje, 2 Novemba 2023

Mwanangu Nadhira,

Assalaam aleikum. Sisi huku tu wazima, mgongo wa mamako umetulia. Mto umeingia kwenye migomba. Sola imeharibika, simu hazina chaji, kwa hiyo barua nampa Hamisi wa pikipiki.

Tunakusikiliza redioni kila mchana. Kakako Mansur akitoka kuvusha watu kwa mtumbwi hukimbilia dukani, ananyamazisha kila mtu ukianza. Juzi umesema "habari kuu", wazee wakabishana maana yake. Huku kwetu mwenye neno zito husalimia, hupewa maji, hula, ndipo analitoa mwisho. Huko kwenu mnafanyaje?

Babako.

Garsen, 5 Novemba 2023

Baba,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, homa imekwisha. Habari kuu ni ile inayogusa watu wengi zaidi. Husomwa kwanza, maana msikilizaji huenda akaondoka. Inayogusa mtu mmoja huwekwa mwisho, na muda ukiisha huachwa. Mhariri wetu Changawa sasa ameniachia kupanga mwenyewe. Mwambie Mansur nimepanda cheo.

Mwanao Nadhira.

Garsen, 14 Novemba 2023

Baba,

Assalaam aleikum. Nawauliza hali ingawa naijua. Barabara imekatika, barua hii naipa boti ya msaada.

Jana sokoni Mwanasiti, jirani yenu, kaniambia ule mtumbwi nilioutangaza ulikuwa wa Mansur. Taarifa ilitufikia bila jina. Jumatano nilisoma ziara ya waziri, nikasoma habari za barabara, nikasoma bei ya unga, kisha mtumbwi uliopinduka karibu na Hewani, mtu mmoja hajulikani aliko. Nilimweka mwisho kwa kuwa alikuwa mmoja. Zilibaki sekunde ishirini, nusura nimwache. Nilisoma haraka, nikaaga, nikaenda kula.

Sijalia. Naenda kazini, nasoma, narudi. Chakula hakipiti. Nataka kujua kitu kimoja tu, kama mlinisikia.

Nadhira.

Wenje, 21 Novemba 2023

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Mamako anakunywa uji. Mahindi yameoza yote, migomba mitano imesimama. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja dhaifu.

Tulikusikia. Sisi tulikuwa tumejua tangu asubuhi. Dukani hapakuwa na wa kunyamazisha watu, wakanyamaza wenyewe. Ulipomfikia, mamako akasema, "Amemweka mwisho, kama inavyotakiwa." Tangu hapo yeye humweleza hivyo kila anayekuja kutupa pole. Barua yako ya tarehe tano ninayo mfukoni, sijamsomea. Nawe usimwambie.

Mimi sina kinyongo nawe. Nimechoka tu.

Ukifika hapa, weka barua chini, unywe maji, ule. Kisha ndipo uendelee.

Mansur ameonekana jana, Hewani, amekwama kwenye miti. Tumemzika alasiri ile ile.

Babako.